Siku Kuku Walipokula Mstari

Siku ile kuku wa jirani walipoingia uwanjani wakala mstari, mwanangu, hainitoki kichwani mpaka leo. Keti nikusimulie, maana jana uliondoka hapa umekunja uso. Uliniambia mashua ya tajiri wako ilifungwa vibaya ikachukuliwa na maji, na tajiri alipouliza ni nani aliyeifunga, wenzako wote walitazama chini, weye ukasema, "Ni mimi." Ukafukuzwa palepale. Kisha ukaniuliza: "Nkambo, bibi yangu, ule ukweli wangu umenipa nini?" Umeuliza vizuri. Vuta mkeka, hizi karanga tumenye pamoja, na usinikatize, maana nikikatizwa huwa naanza tena mwanzo.

Babu yako Pasikali, ambaye weye hukumkuta, alikuwa mchezaji wa tenisi. Cheka tu. Vijana wa Nchelenge mkisikia tenisi mnafikiri ni mambo ya televisheni, ya watu weupe wenye nguo nyeupe. Lakini enzi za wakoloni, kabla bendera hazijabadilishwa, huku kwetu na kule Kongo, palikuwa na uwanja wa tenisi hapahapa kando ya ziwa, nyuma ya ghala la barafu la Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Yani. Mgiriki huyo alinunua samaki, akawapanga kwenye barafu na kuwapeleka ng'ambo kwa mashua. Pasikali ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ya barafu. Alitoka Kilwa, upande wa Kongo, na tenisi alifundishwa na padri wa misheni ya kwao ambaye hakuwa na mtu wa kucheza naye, akamshika kijana wa kwanza aliyemwona ana mikono myepesi. Hiki Kiswahili tunachosema humu ndani, majirani wote wakisema Kibemba, ni yeye aliyekuja nacho.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Bwana Yani aliwapa wanaume kazi ya kubomoa vichuguu na kuponda udongo, halafu akatuita sisi wanawake tuukandike na kuulainisha kama tunavyofanya sakafu za nyumba. Tulifanya kazi ile tukiimba na kuulizana: sakafu hii kubwa hivi, bila ukuta, bila paa, nani atalala humu? Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko huu wa sasa, nikasema labda Mgiriki anataka kuanika chisense, vile visamaki vidogo tunavyoanika mchangani, ila hataki viwe na mchanga. Wote wakaniamini.

Kisha ukaja wavu. Baba yangu, ambaye tulimwita Tata, alikuwa msuka nyavu anayejulikana kutoka Kafutuma hadi Mununga, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo kazi ya Mgiriki iliangukia mikononi mwangu. Nilipewa urefu, nikapewa kimo, hakuna aliyeniambia wavu ni wa kukamata nini. Basi nikasuka wavu kweli kweli! Niliulegeza ukawa na tumbo, ili samaki akiingia asitoke. Juu nikafunga maboya, chini nikafunga uzito wa udongo uliochomwa. Tulipoufungua uwanjani, Bwana Yani alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka.

Pasikali hakucheka. Aliuzunguka ule wavu, akashika boya moja, akaniuliza, "Dada, hii tumbo ya wavu ni juu ya nini?" Nikamweleza kwa nini, namna samaki anavyosukuma kwa kichwa, akitaka kurudi nyuma anakuta nyuzi zimemzunguka. Akauliza fundo linafungwaje. Akauliza kwa nini uzito uko karibu karibu hapa na mbali mbali pale. Kijana amevaa viatu vyeupe, anajua mashine, anajua Kifaransa, na anauliza mambo ya fundo kwa msichana ambaye kila mtu ametoka kumcheka! Nilifungua maboya, nikaukaza wavu ukawa wa tenisi, na siku iliyofuata nikarudi kuangalia kama umekaa sawa. Na iliyofuata pia. Unanielewa, usijifanye mtoto.

Sasa, kwetu kijana akitaka kuoa haji mwenyewe. Anamtuma mshenga, Kibemba tunamwita shibukombe, naye huja na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, ndani mna shanga au kitu kingine kidogo cha heshima. Wazazi wakiifunua na kukichukua kilichomo, wamekubali. Wakiirudisha haijaguswa, mambo yamekwisha, na kijana akatafute kwingine. Sahani ya Pasikali ilipoletwa, Tata hakuifunua wala hakuirudisha. Aliiweka juu ya kabati la mama, akasema bado anafikiri.

Kilichomshinda Tata ni tenisi. Si kwamba aliidharau, hapana. Tata hakuwa mtu wa kukataa jambo asilolijua, alikuwa mtu wa kuuliza mpaka unachoka. Alikwenda kusimama kando ya uwanja, mikono nyuma, akatazama wale wawili wanavyokimbizana na mpira, kisha akamwuliza shibukombe, mzee mwenzake ambaye alikuwa ameshajifunza kidogo.

"Wanapigania nini?"

"Hawapiganii kitu."

"Anayeshinda anapewa nini?"

"Chai."

"Na anayeshindwa?"

"Naye chai."

Tata alirudi nyumbani akarudia maneno hayo mbele ya mama, na mama akasema mkwe anayetoa jasho lote lile bila kubeba kitu begani hajawahi kumwona. Lakini Tata hakucheka. Jambo lile lilimsumbua sana. Mtu mzima, fundi, anafanya bidii kubwa kwa ajili ya kitu kisicholiwa wala kuuzwa: mtu wa namna hiyo ni mtu gani ndani yake? Baada ya siku kadhaa akamwita shibukombe, akamwambia mbele yetu, "Watu wanasema Mgiriki hajapata kushindwa hapa. Mwambie kijana wako: siku atakapomshinda, nitafunua sahani. Nataka kuona kama anamaliza anachoanza." Neno la mzee likishasemwa mbele ya mshenga si la mzee peke yake tena. Kabla jua halijageuka, pwani yote ya ziwa ilikuwa inajua kwamba mume wangu yuko ndani ya mpira.

Nikueleze sheria moja tu ya mchezo ule, nyingine hazina haja. Mpira ukianguka ndani ya mistari, umehesabiwa. Ukianguka nje, umepotea. Na pale kwetu hapakuwa na mwamuzi. Mpira ukianguka upande wako, weye mwenyewe ndiye unayesema uliingia au ulitoka, na mwenzako anakubali bila kubisha. Tata aliposikia hilo alimshika shibukombe mkono, akauliza, "Anayesema ni yuleyule anayetaka kushinda?" Akaambiwa ndiyo. Akasema, "Yaba! Huu mchezo wa ajabu sana."

Mechi ilipangwa siku ya mapumziko, baada ya ibada. Lakini chokaa ya kuchorea mistari ilikuwa imekwisha, na mashua iliyotegemewa kuileta kutoka ng'ambo haikuonekana. Pasikali akafikiri, akaja kwetu kuomba unga wa muhogo. Mama alimpa, lakini hakumpa kimya. "Batu wanatafuta bunga ya kula, weye unataka kuimwanga chini, Mungu anaona!" Pasikali akainamisha kichwa, akapokea kwa mikono miwili. Nilimtazama akichora. Alifunga kamba kwenye vijiti, akaivuta ikanyooka, akapita taratibu akidondosha unga kando ya kamba, kisha akang'oa vijiti. Ilikuwa mistari mizuri, myeupe, imenyooka sana. Na sisi watu wa hapa, ambao kila siku tunafukuza kuku kwenye muhogo unaoanikwa, hakuna hata mmoja aliyewaza kuku.

Watu walijaa. Wavuvi, wachuuzi kutoka Kongo, wanawake na vikapu vyao vichwani, hata wazee wa kanisa. Mimi nilikaa na mama upande wa Pasikali. Bwana Yani alikuwa mnene lakini mjanja, anaupeleka mpira mahali usipotegemea, halafu anatabasamu. Pasikali alikuwa na miguu, tena hakati tamaa, kila mpira anaufukuza. Akapata, Mgiriki akapata. Mama, ambaye alikuja akisema anakuja kulinda heshima yangu tu, alikuwa amesimama, kitenge kinamlegea, anapiga makofi kwa kila kitu, hata kwa Mgiriki.

Walipopumzika kunywa maji, kuku waliingia. Walitoka nyuma ya nyumba ya jirani, wakafika kwenye mstari wa nyuma upande wa Pasikali, wakala. Watu walicheka, hakuna aliyewafukuza mara moja, kila mtu anamwonyesha mwenzake. Mpaka mama alipowarushia kiatu, kipande kizuri cha mstari kilikuwa kimekwenda, hata alama ya unga haikubaki. Bwana Yani aliangalia, akasema kwa kile Kiswahili chake cha biashara, "Haizuru. Pasikali anayua mustari yake." Wakaendelea.

Sasa sikia vizuri. Mambo yalifika mahali ambapo Pasikali alibakiza mpira mmoja tu ashinde. Mmoja! Shibukombe alitwambia kwa sauti, "Hii akipata, imekwisha." Mpira ulikwenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, halafu Bwana Yani akaupiga juu, mrefu, ukampita Pasikali kichwani, ukaanguka nyuma yake. Palepale penye kipande kilicholiwa na kuku.

Udongo wa kichuguu unashika alama. Alama ya mpira tuliiona wote, duara dogo kama la kisigino cha mtoto. Lakini mstari wa kulinganisha nayo haukuwepo. Kama mpira ulitoka, Pasikali ameshinda, na sahani itafunuliwa leo hii. Kama uliingia, mchezo unaendelea. Bwana Yani alisimama karibu na wavu, akasema, "Iko upande yako, Pasikali. Sema weye."

Pasikali aliitazama ile alama. Akaniona mimi. Mwanangu, aliniona, macho yetu yalikutana, nitaapa mbele ya yeyote. Kisha akasema, "Iliingia."

Mchezo ukaendelea, na Bwana Yani akashinda.

Eh, mawe, mama wee! Watu walikasirika kana kwamba wameibiwa. Mchuuzi mmoja alimpigia kelele, "Mujinga weye, nani angeyua?" Wasichana wenzangu waliziba midomo, mabega yanacheza kwa kicheko. Mimi niliondoka mbio hadi nyumbani, nikajitupa kitandani nikalia. Sikulia kwa sababu ameshindwa. Nililia kwa sababu alijua sahani inangoja, alijua kwamba neno moja tu litamfikisha kwangu, na neno hilo hakulisema. Niliona amechagua mpira akaniacha mimi. Nilimwambia mama sahani ile irudishwe kesho asubuhi, na kama hakuna wa kuirudisha nitaibeba mwenyewe.

Asubuhi Tata alimwita Pasikali. Jambo hilo halifanyiki kwetu, mkwe kuitwa kabla hajawa mkwe, lakini nilikwambia Tata alikuwa na maswali. Alimkalisha kwenye kiti, yeye mwenyewe akakaa kwenye kinu kilicholala. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya mlango.

"Ile mupira iliingia?"

"Iliingia, tata."

"Nani aliona?"

"Mi tu. Mustari niliichora mi, nilikuwa nayua inapita wapi."

"Ungesema inatoka, kuna mutu angekukatalia?"

"Hakuna."

"Na uliyua sahani yako iko inangoya kwangu?"

"Niliyua, tata."

"Sasa juu ya nini?"

Nilitega sikio nisikie jibu kubwa, maneno ya padri, maneno ya vitabu. Pasikali akajikuna shingo. "Mi siyui, tata. Niliona iliingia, na kinywa ikasema mbele ya kufikiri. Usiku muzima sikulala. Nilijuta. Mpaka sasa niko najuta."

Tata aliangua kicheko! Alicheka akapiga paja, mpaka mama akatoka nyuma ya mlango kuona kuna nini. Nami nikatoka, macho yamevimba, nikidhani sasa Tata atachukua sahani aifunue, maana nilimwona amefurahi. Hasira yangu yote ilikuwa imeanza kuyeyuka pale aliposema anajuta. Lakini Tata alifuta macho, akasema, "Kijana, nimekupenda. Ila mimi nilisema ukimshinda. Hukumshinda. Weye umesema kweli juu ya mstari wako, mimi niseme uongo juu ya neno langu? Kacheze tena."

Nikalia upya, safari hii kwa sauti. Nikasema hawa ni vichaa wawili, na mimi ndiye ninayeumia katikati yao. Tata akaniita jina langu la utotoni, akanikaripia mbele ya Pasikali, na karipio lile ndilo nililolibeba mpaka uzee huu. "Chilufya, unalia kwa sababu mtu hakusema uongo ili akupate. Ungemtaka mtu aliyesema uongo? Mimi nyavu zangu naziacha majini, narudi nyumbani nakula. Nani anazilinda? Hakuna. Wanapita watu wengi juu ya ziwa, na wapo wanaopita bila kugusa, ingawa hakuna anayewatazama. Kwa sababu ya hao nalala usingizi. Mtoto wangu nimpe nani, kama si mmoja wa hao? Nyamaza ungoje."

Kungoja kwenyewe, weh! Bwana Yani alikwenda ng'ambo kwa shughuli zake, mvua ikaanza, na uwanja wa kichuguu ukawa tope. Mchwa walirudi, wakaanza kujenga kwao upya katikati ya uwanja, maana udongo ni wao tangu zamani. Pasikali akawa anapiga mpira kwenye ukuta wa ghala la barafu, peke yake. Siku moja nikamwuliza ukuta unamfundisha nini. Akasema ukuta hauchoki, lakini pia haudanganyi njia, unarudisha palepale. Nikamwambia basi nipe mimi raketi nyingine, mimi nitakudanganya. Mama alikubali kwa sharti kwamba awepo, akaja na kigoda na bakuli lake la karanga, akakaa hapo kila jioni kama askari wa gereza. Ndivyo nilivyojifunza kucheza, nikiwa na kitenge kiunoni na miguu peku. Nilipiga vibaya sana, na ubaya wangu ulimsaidia, kwa sababu hata mimi sikujua mpira utakwenda wapi. Tulicheka mno. Nadhani tulioana pale ukutani kabla ya kanisa kujua.

Ngoja nikwambie na mengine kabla sijasahau, maana baadaye babu yako alicheza kwingi. Alivuka kwenda Lubumbashi, wakati ule wakiiita Elisabethville, akacheza na makarani na waganga wa hospitali. Alikwenda Mansa, alikwenda Ndola, siku mbili njiani juu ya lori la samaki, akifika ananuka mpaka wenzake wanacheka, kisha anawashinda. Kule Ndola alishindwa na mwalimu mmoja, akarudi akinisifia mwalimu huyo mwezi mzima, mkono wake wa kushoto ulivyo, nikamwambia si ungemwoa yeye. Alileta kombe moja tu katika maisha yake yote, nami nikalifanya chombo cha kuwekea chumvi. Hakupokea franga ya mchezo hata siku moja. Wenye mchezo walimwita amatea, na nilipomwuliza maana yake akasema ni mtu anayecheza kwa kupenda tu. Alicheza hadi goti lilipokataa, na lilipokataa akawa anawafundisha wanafunzi wa shule, amekaa kwenye kiti, anaonyesha kwa fimbo. Watu wakaacha kumwuliza anapata nini. Tata peke yake ndiye hakuacha, na babu yako alipenda aulizwe.

Turudi. Mvua ilipokata, tulibomoa vichuguu vya mchwa, tukakandika uwanja upya. Bwana Yani akarudi na chokaa ya kutosha na mipira mipya yenye manyoya, na wakapanga siku. Siku hiyo Tata hakuwepo. Upepo ulikuwa umevuta nyavu zake, akaenda kuzitafuta mbali ziwani tangu alfajiri. Mama alimwomba asubiri, akasema nyavu hazisubiri, na kama kuna habari ataikuta.

Mechi yenyewe haikuwa na kisa. Najua ungependa kisa, lakini hakikuwepo. Hapakuwa na mpira wa kubishania, hapakuwa na kuku. Pasikali alimshinda Bwana Yani, basi. Alimshinda wazi, kwa miguu na kwa subira, na mwisho Mgiriki alitupa raketi chini, akamkumbatia, akasema kwa lugha ya kwao maneno ambayo hatukuyajua. Watu walimbeba Pasikali mabegani. Mimi nilisimama nimeshika mkono wa mama.

Mtumbwi wa Tata ulipoonekana, pwani yote ilikimbilia majini. Kila mtu alitaka awe wa kwanza kumwambia. Wengine wanapiga kelele ameshinda, na wavulana wapumbavu, unawajua walivyo, wanapiga kelele ameshindwa, ili wamwone mzee anavyofanya uso. Wanawake wanapiga vigelegele, wachuuzi wanasimulia kwa mikono, shibukombe naye anasukuma watu, anadai kwamba ni haki yake kusema. Hakuna neno lililosikika. Bwana Yani aliingia majini na viatu vyake, akitaka kumweleza mzee kwa kinywa chake.

Tata aliinua kasia juu. Watu wakanyamaza.

"Pasikali yuko wapi?"

Watu wakafungua njia. Pasikali akaja mpaka maji yakamfika magotini.

"Ulimushinda?"

"Nilimushinda, tata."

Tata akateremka, akafunga mtumbwi, akaanza kutembea kwenda nyumbani, suruali inachuruzika maji. Hakumtazama mtu mwingine yeyote. Bwana Yani alishangaa, akamfuata, "Muzee! Hautaki kuniuliza mi?"

Tata hakusimama. "Nikuulize nini? Yeye amesema."

Aliingia ndani, akashusha sahani kutoka juu ya kabati, akaifunua mbele yetu.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na mtu yule, nimemzika, na bado kuna jambo najiuliza: kama siku ya kwanza angesema mpira ulitoka, Tata angefunua sahani jioni ileile, na mimi ningekuwa mke wake bila kungoja mvua yote ile. Ningemjua lakini? Sidhani. Na siku ile ziwani, katika kelele zote zile, Tata angemwamini nani?

Hayo ndiyo ninayokupa. Ukweli uliousema kwa tajiri wako umekutoa kazini, na sitakudanganya kwamba kesho atakuita akurudishe. Huenda asikuite kamwe. Tena usione aibu kujuta. Babu yako alijuta usiku mzima na akasema wazi kwamba anajuta, wala hilo halikumpunguzia kitu. Juta tu, ila usirudi nyuma kulibadilisha neno lako. Na watu wakikucheka wakasema nani angejua, jibu ni kwamba weye ulijua, inatosha. Usiseme kweli ukitegemea kulipwa siku ileile, maana malipo yake huja kwa njia nyingine na huchelewa. Itafika siku, sijui wapi, labda mimi nimeshaondoka, ambapo watu watakuwa wanapiga kelele wote kwa pamoja, huyu anasema hivi, yule anasema vile, na mtu mmoja mwenye akili atainua mkono awanyamazishe, aulize weye uko wapi.

Mungu akupe kazi nyingine iliyo bora kuliko ile, akupe na mke anayeuliza maswali. Akulinde ukiwa majini na ukiwa nchi kavu. Na siku hiyo mtu huyo atakapokuuliza, Mungu amjalie asihitaji kumwuliza mwingine.